Wageni wa Kisiwa cha Mvita

Mtoto aliyezaliwa Murera, katika nchi ya mibuni na mikonge iliyo baina ya Ruiru na Thika, haijui bahari kwa macho yake mpaka asafiri. Bahari iko mbali naye mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo, wanafunzi wa bara wanapoulizwa watakako kupelekwa likizo ikifika, wengi wao huitaja Mombasa kabla ya mji mwingine wowote. Wamesikia habari za ngome kongwe, vichochoro vya Mji wa Kale, meli kubwa za Kilindini, na mihogo ya kukaanga iliwayo jioni chini ya mibuyu huku upepo wa bahari ukivuma.

Tamaa hiyo ni njema, wala haifai kuzuiwa. Lakini msomaji akumbuke kwamba matembezi nayo yana historia yake, kama ilivyo kwa vita na biashara. Kile ambacho leo ni tafrija ya mgeni, jana kilikuwa kazi ya mtu, au hofu ya mtu, au kifungo cha mtu. Tena si kila mtu aliyefika katika kisiwa kile alihesabiwa kuwa mgeni. Swali hilo, nani alikuwa mgeni na nani hakuwa, ndilo tutakalolifuata katika insha hii.

Wageni wa kwanza waliletwa na pepo. Kila mwaka kaskazi ilipovuma, jahazi ziliwasili kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Na kusi ilipoanza, karibu na mwezi wa Aprili, zilitweka tanga zikarudi makwao. Nahodha aliyefika mapema hakuweza kuondoka apendapo. Ilimbidi angoje upepo, na katika kungoja huko akauza tende na mazulia yake, akanunua pembe na boriti za mikoko, akajifunza lugha ya watu, na pengine akaoa. Burudani zake zilikuwa zile zile za wenyeji wake: mazungumzo ya barazani, kahawa, bao, ngoma za harusi na mashairi. Hapakuwa na jambo lililotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Aliketi pale walipoketi wenyeji, akacheka walipocheka.

Mmoja wa wageni hao aliacha habari za safari yake. Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Usiku mmoja si muda mrefu, lakini alitumia macho yake vizuri. Aliona kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Aliona misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na visima vifupi milangoni mwake ambamo watu waliteka maji ya kuoshea miguu kabla ya kuingia. Akawasifu wenyeji kwa ucha Mungu wao na mwenendo wao mwema. Wako watu wa zama zetu wanaokaa kisiwani wiki nzima na kurudi bila kuona hata nusu ya hayo.

Baadaye walikuja wageni wa namna nyingine. Vasco da Gama alifika mbele ya kisiwa mwezi wa Aprili mwaka 1498, asiaminiane na wenyeji, akaenda zake Malindi. Miaka saba tu ilipita, na mwaka 1505 meli za Wareno zikarudi na mizinga. Mji ukatekwa, ukaporwa, ukachomwa moto. Mwaka 1528 mambo yale yakatendeka tena. Wenyeji hukiita kisiwa chao Mvita, na wako wasemao kwamba jina hilo limetokana na vita. Iwe hivyo au isiwe, kisiwa kimelistahili.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome yao penye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, wakaiita Ngome ya Yesu. Ngome hiyo ndiyo mgeni wa leo anayoiendea kwanza. Hupiga picha juu ya kuta zake, hushika mizinga yake, hutazama bahari kupitia matundu ya kupigia risasi. Ni vizuri afanye hivyo; lakini asimame kidogo afikiri. Mwezi wa Machi mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na mazingira hayo yakaendelea karibu miaka mitatu. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na watu wa pwani waliokuwa upande wao, wanaume, wanawake na watoto. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Ngome ilipoanguka mwezi wa Desemba mwaka 1698, waliobakia hai walikuwa wachache mno. Meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mwaka 1697 karibu na kuta zile, ikalala chini ya maji hata wapiga mbizi wa elimukale walipoichunguza baina ya mwaka 1977 na 1980. Baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya ngome, na mwanafunzi atakayevitazama kwa makini atatambua kwamba vilishikwa na watu waliotazamia kurudi kwao.

Mazrui walitawala Mombasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kwa ushairi, zama hizo hazijasahauliwa mpaka leo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliyatoa mashairi ndani ya vitabu vya dini akayapeleka barazani na sokoni, yakazungumza habari za mapenzi, za siasa na za maisha ya kila siku. Watu walipokezana mashairi kwa mafumbo, mmoja akifunga na mwingine akifungua. Hiyo ilikuwa starehe isiyohitaji kiingilio, na iliwafundisha watu siasa ya mji wao.

Mwaka 1895 Waingereza waliitangaza nchi kuwa chini ya himaya yao, na Mombasa ikawa makao ya serikali mpaka mwaka 1905, makao hayo yalipohamishiwa Nairobi. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu ya ngome, lakini chini yake ngome yenyewe iligeuzwa gereza. Kwa muda wa miaka 63, mpaka mwaka 1958, wafungwa walilala pale ambapo leo wanafunzi hupita mistari miwili miwili wakimfuata mwalimu. Halafu, kwa fedha zilizotolewa na Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ngome ilitengenezwa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Reli ndiyo iliyofungua njia baina ya kisiwa na bara. Ilianzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Nyanza mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mwaka 1913 tawi lake lilifika Thika kwa kupitia Ruiru, ili kahawa na mkonge wa mashamba ya walowezi upate kushuka pwani. Toka hapo mtu wa Murera na kisiwa cha Mombasa waliunganishwa kwa chuma. Lakini je, aliposhuka stesheni alishuka kama mgeni?

Hakika hakuwa mgeni. Katika miaka ile wageni wa Kizungu walipofika Mombasa walitembezwa katika vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, kutoka mjini mpaka Kilindini, navyo havikuvutwa na farasi wala injini. Vilisukumwa na vijana wa Kiafrika waliokimbia nyuma yake juani. Picha za vigari hivyo zilipelekwa Ulaya kuwa kumbukumbu ya safari. Aliyeketi ndani yake alikuwa akijiburudisha. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa akitafuta kodi ya kichwa. Vilabu na hoteli nyingi zilikuwa za Wazungu peke yao, na Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni. Mtu wa bara alikuja Mombasa akiwa na kipande chake shingoni ndani ya kikasha cha chuma, akaenda Kilindini kutafuta kibarua. Hata neno hilo lina historia: kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa siku moja. Mwenye cheti cha siku moja hakaribishwi. Huhesabiwa asubuhi na kuondolewa jioni.

Hata hivyo watu hao hawakukosa burudani zao. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya beni ilikuwa imeanza katika miji ya pwani, wachezaji wakiiga bendi za askari kwa tarumbeta, sare na vyeo, na mitaa ikashindana kwa fahari kubwa. Wanawake walikuwa na lelemama, na vyama vyao vilishindana kwa nguo, karamu na nyimbo za vijembe. Vijana walicheza mpira katika viwanja vya vumbi. Wageni wengi walizitazama ngoma hizo kama kitu cha kuchekesha. Hawakujua kwamba humo watu walikuwa wakijifunza kuchagua viongozi, kukusanya fedha na kushikamana.

Faida ya mafunzo hayo ilionekana tarehe 13 Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku moja. Bandari ilinyamaza, reli ilisimama, mahoteli yakakosa wapishi na watumishi, na waliozoea kuhudumiwa wakawasha moto wao wenyewe. Kila siku wagomaji walikutana katika uwanja wakaupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili, na kiongozi aliyejulikana zaidi katika chama kilichozaliwa nao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kufungiwa Kabarnet. Walichodai kilikuwa mshahara bora na heshima. Lakini ndani ya heshima hiyo imo pia haki ya mtu kupumzika, kutembea na kutazama bahari ya nchi yake bila kuulizwa anatafuta nini.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mlango huo ulifunguliwa. Barabara ya ufukoni iliyokuwa ikiitwa Azania ikapewa jina la Mama Ngina, na watu wa kila namna wakaanza kwenda huko jioni kunywa madafu na kula viazi karai. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilichukua mahali pa daraja la kuelea lililokuwapo tangu mwaka 1931. Mwaka 2017 reli mpya ikaanza kuchukua abiria, na safari ya treni iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa tano au sita hivi, ingawa stesheni yake iko Miritini, nje ya kisiwa. Mjukuu wa kibarua sasa aweza kushuka stesheni mkononi ana mfuko wa nguo za likizo tu.

Basi mwanafunzi atakayekwenda aende, akafurahi. Lakini ajue kwamba uhuru wa kuwa mgeni una wajibu wake. Nyumba za Mji wa Kale zenye milango ya nakshi na roshani za mbao si mapambo yaliyowekwa kwa ajili ya picha. Ni makao ya watu, na mama aketiye kizingitini ana haki ya kuamkiwa kwanza. Msikiti wa Mandhry, ulioanzishwa mwaka 1570, ungali ukiswaliwa. Muuza kahawa apitaye na dele lake akigonganisha vikombe anaendesha kazi iliyowaburudisha manahodha. Atakayeketi naye na kuzungumza naye kwa adabu atapata sehemu ya ile karibu ya kale, ambayo haiuzwi kwa tikiti.

Tena liko jambo moja zaidi. Siku moja kijana wa Mombasa atapanda treni aje bara. Atataka kuona maporomoko ya Chania na Thika, penye hoteli iliyoanzishwa mwaka 1908, na yale Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi. Atafika hata Murera. Atauliza mashamba haya yalikuwa ya nani kabla ya kupandwa mibuni, nani aliyekata mkonge, na watu waliimba nini jioni walipomaliza kazi. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa kukaa kimya. Yafaa kila mwanafunzi awaulize wazee wa kwao sasa, wangali hai, ili siku hiyo apate la kumweleza mgeni wake.