Msumbiji: Jina la Mtu, la Kisiwa na la Nchi



Watoto wetu wakifungua ramani huikuta nchi ya Msumbiji imeandikwa Moçambique, na wengi hudhani Wareno ndio waliolileta jina hilo. Sivyo. Vasco da Gama alipofika huko Machi 1498 alikuta jina lipo, nalo lilikuwa la kisiwa kidogo tu, urefu wake kilomita tatu hivi na upana usiozidi nusu kilomita. Alikuta pia Waislamu na vyombo vya biashara vimetia nanga. Mwanzoni wenyeji waliwadhania wageni wale kuwa Waislamu wenzao. Ulipobainika ukweli, mapatano yalivunjika na mizinga ikalia.

Basi jina limetoka wapi? Masimulizi yanasema ni la mtu: Musa bin Biki. Wengine humwita Musa Mbiki, na wengine Musa Ali Biki. Anatajwa kuwa mfanyabiashara na mkubwa wa mahali pale kabla ya Wareno. Hebu litamkeni jina hilo haraka haraka: ile "n" ya "bin" ikiigusa "b" inageuka "m", na mara mnasikia Musambiki. Haya ni masimulizi, si hati, nasi tunayapokea hivyo.

Wamakua, ambao lugha yao ndiyo ya nyumbani kisiwani, wana jina lao jingine kabisa: Omuhipiti, au Muhipiti. Wareno waliandika Ilha de Moçambique, yaani Kisiwa cha Msumbiji, na hadi leo wengi hufupisha kuwa Ilha, "Kisiwa" basi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuzaliwa Omuhipiti, akaandikiwa cheti cha Ilha de Moçambique, na jamaa zake wa Kiswahili wakamwita mtu wa Msumbiji.

Wareno walianza kujenga ngome yao kubwa hapo mwaka 1558, na kisiwa kikawa makao makuu yao ya pwani hii mpaka 1898. Ndivyo jina la kisiwa lilivyotambaa bara hata likaifunika nchi nzima.

Lakini lilisafiri pia kwa njia ya uchungu. Watumwa waliopakiwa bandari za pwani ile walipofika Mauritius waliitwa "Mozambiques", hata kama mtu alitoka mbali sana bara na kisiwa chenyewe hakuwahi kukijua. Bukini wakaitwa Masombika. Brazil nako jina lilifika, na lingali likitumika kwa vikundi vya ngoma vya wazao wa watumwa. Jina la Musa likawa alama ya bidhaa, na bidhaa yenyewe ni binadamu.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, majina mengi ya kikoloni yalifutwa. Mji wa Lourenço Marques ukawa Maputo mwaka 1976. Jina la nchi halikuguswa. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa tayari imelibeba katika jina lake.

Na huko Nampula, bara ya kisiwa hicho, kilianzishwa mwaka 1998 chuo kikuu cha binafsi chenye asili ya Kiislamu. Kinaitwa Mussa Bin Bique. Tahajia ni ya Kireno, lakini likisomwa kwa sauti ni Musa yule yule.