Vita vya Kiti cha Bretagne

Tarehe 30 Aprili 1341 alifariki Jean wa Tatu, mtemi wa Bretagne, rasi iliyo magharibi mwa Ufaransa. Alioa mara tatu, hakujaliwa mtoto. Kiti kikadaiwa na wawili: Jeanne wa Penthièvre, binti wa nduguye wa baba na mama mmoja, na Jean wa Montfort, nduguye kwa baba tu.

Mume wa Jeanne, Charles wa Blois, alikuwa mpwa wa Philippe wa Sita, mfalme wa Ufaransa. Septemba mwaka huohuo, baraza la mfalme likampa Charles kiti. Montfort akamtegemea Edward wa Tatu wa Uingereza. Hapo haki ikapinduliwa. Philippe, aliyepata taji kwa hoja kwamba mwanamke harithi, akatetea urithi wa mwanamke. Edward, aliyedai taji hilohilo kupitia kwa mama yake, akamuunga mkono mwanamume.

Novemba mji wa Nantes ukatekwa, Montfort akatiwa kifungoni Paris. Mkewe, Jeanne wa Flandre, akashika uongozi kwa niaba ya mwanawe mdogo. Mwaka 1342 akazingirwa Hennebont. Waandishi wa zama zile husimulia kwamba alivaa deraya, akawaamuru wanawake wang'oe mawe ya barabarani na kuyapandisha ukutani wawapige adui. Alipoona kambi yao haina walinzi, akatoka na wapanda farasi, akazitia moto hema zao. Mji ukastahimili hadi merikebu za Waingereza zilipowasili.

Montfort akafa 1345. Mwaka 1347 Charles akatekwa La Roche-Derrien, akafungwa Uingereza hadi 1356. Miaka yote hiyo askari wa ngome walivitoza vijiji fedha ili visichomwe. Mkulima alimlipa mtu asiyejua hata lugha yake.

Tarehe 29 Septemba 1364 Charles akauawa vitani Auray. Kwa mkataba wa Guérande, 1365, mwana wa Montfort akatambuliwa mtemi, ikakubaliwa kuwa mwanamke asirithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo.

Mwaka 1488 mtemi François wa Pili akafa bila mtoto wa kiume. Aliyerithi ni bintiye, Anne, aliyeolewa na mfalme wa Ufaransa 1491. Mwaka 1532 Bretagne ikaunganishwa na Ufaransa. Damu ya miaka 23 ilimwagwa kwa hoja ambayo wafalme hawakuiamini, na wazao wa washindi wenyewe hawakuweza kuishika.