Siku Uhura Alipokatazwa Kiswahili

Jioni ya Septemba 29, 1967, runinga ya NBC ya Marekani ilionyesha kipindi cha Star Trek kiitwacho "The Changeling". Chombo kiitwacho Nomad, kilichopotea angani kikarudi kimeharibika akili, kinamsikia Luteni Uhura akiimba. Hakielewi wimbo ni kitu gani, basi kinamfuta kumbukumbu zote. Baadaye tunamwona kwenye zahanati akiwa na Nesi Chapel, akisoma sentensi za darasa la kwanza: mbwa ana mpira. Anajikokota, anakwama, anachoka, mara Kiswahili kinamtoka. Nesi anamkatiza kwa upole: si Kiswahili, Kiingereza. Uhura anarudi kwa mbwa wake na mpira, anafika kwenye neno la rangi ya buluu, analitamka ovyo, anasahihishwa.

Tukio lenyewe ni fupi. Lakini aliyesoma Rongo, Awendo, Mbita au Oyugis, huku kwetu kusini mwa Nyanza, Kenya, haoni nesi pale. Anaona mwalimu wa zamu.

Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa diski: kipande cha ubao au cha mfupa chenye kamba, kikining'inia shingoni mpaka naye amnase mwenzake na kumkabidhi. Jioni mwalimu aliuliza nani anacho. Kisha uchunguzi ulirudi nyuma: wewe alikupa nani, na huyo alikitoa wapi? Fimbo iliwafikia wote, na watoto walijifunza kuchongeana kabla ya kujifunza Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia adhabu ya namna hii, ya huko kwao Limuru, katika Decolonising the Mind mwaka 1986. Kwetu mawindo yalikuwa Dholuo, Kikuria na Kisuba, na katika shule zilizojiona za juu zaidi, hata Kiswahili.

Tarehe ya kipindi hicho ina ladha yake kwa watu wa mpakani. Mwaka huohuo wa 1967, ng'ambo pale Sirari, Tanzania ilikuwa inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Hatua chache tu upande wa Isebania, Kenya, upepo ulivuma kwingine: Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilikuwa imependekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilisubiri mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, ndipo kikawa somo la lazima lenye mtihani. Kwa hiyo binamu wawili wa Kikuria, mmoja Tarime na mwingine Kehancha, wangemsikiliza Nesi Chapel kwa masikio tofauti kabisa.

Kumsikiliza kwenyewe kungekuwa kazi. Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja, Nyanza Kusini, na ingawa matangazo ya runinga yalianza Kenya mwaka 1962, vijijini kwetu chombo cha kujivunia kilikuwa redio. Star Trek wengi wetu tuliikuta baadaye sana, kwenye kaseti za video, kisha kwenye simu, ikiwa tayari mzee.

Watazamaji wa Marekani walikuwa na mengine ya kuwashughulisha. Waliona rangi ya Uhura kabla ya kusikia lugha yake. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanamwona mweusi jinsi anavyostahili kuonwa. Akabaki. Novemba 22, 1968, katika "Plato's Stepchildren", yeye na Kapteni Kirk wakabusiana, mweusi na mweupe, mbele ya taifa zima. Barua zilimiminika, na kwa maelezo yake nyingi zilikuwa za kupongeza. BBC, kwa upande wake, ilikiweka kipindi hicho kabatini pamoja na vingine vichache hadi miaka ya 1990, ikilalamikia wazimu, mateso na ukatili uliomo.

Kuna kipindi kingine ambacho, kwa maoni yangu, kingejaza kibanda chochote cha video mjini Migori: "The Man Trap", cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966. Zimwi linaloua watu kwa kuwanyonya chumvi mwilini linajigeuza kijana mweusi mtanashati, aliyechotwa katika mawazo ya Uhura mwenyewe, kisha linamtongoza kwa Kiswahili. Ndiyo, wa kwanza kukitumia Kiswahili kumbembeleza mtu katika Star Trek ni zimwi. Matamshi yake yanamlazimu mjuzi wa lugha kurudisha mkanda nyuma na kutega sikio upya. Uhura anaponea chupuchupu kwa kuitwa kazini.

Huku hakuna ambaye angehitaji kuelezwa mgeni wa aina hiyo. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa la magadi ambapo wenyeji husema palikuwa na kijiji. Bibi kizee asiyejulikana alifika usiku wa sherehe, akafukuzwa, na mvua iliyofuata ikakizamisha kijiji kizima isipokuwa mama mmoja aliyempokea. Hadithi za Waluo na za Waswahili zimejaa viumbe wanaovaa sura za watu.

Nje kidogo ya Kendu Bay hiyohiyo ndiko alikozaliwa Barack Obama mkubwa. Mwanawe alikua akimtazama Uhura, na Februari 2012 akampokea Nichols Ikulu ya Marekani; wakapigwa picha wametanua vidole kwa salamu ya Spock wa Star Trek. Nichols alisema rais alimkiria kwamba utotoni alimpenda. Julai 2015, akihutubia Kasarani jijini Nairobi, Obama alianza kwa "Habari zenu", akaongeza "Niaje wasee", na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Matamshi yake, tuseme haki, yalikuwa mazuri kuliko ya lile zimwi la chumvi.