Mlimani au Mtaa wa Shaaban Robert?

Ninyi vijana wa Kidato cha Sita, kila tunapokutana hapa shuleni huniuliza swali lile lile: anayetaka kazi ya fedha akasome wapi? Leo nitalijibu kwa kueleza kwanza jinsi mlango huo ulivyofunguliwa, maana sisi hatukuukuta wazi.

Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kilifundisha sheria peke yake. Mabenki yalikuwa ya wageni na mameneja walikuwa wageni vile vile. Tarehe 6 Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki yakataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Basi benki tukawa nazo, lakini wenye ujuzi wa kuziendesha walikuwa wa kuhesabika. Ndiyo maana mwaka 1972 ni mwaka mkubwa kwetu. Kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert; kikapandishwa hadhi chuo cha Mzumbe; ikatungwa na sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mlimani walichelewa: Kitivo cha Biashara na Uongozi kilianza mwaka 1979.

Mimi nilimaliza hapa mwaka 1977. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende Chuo Kikuu, tena kwa sifa nzuri kutoka kazini na kwenye Chama. Nilipotoka Jeshi la Kujenga Taifa nikapelekwa tawi la benki. Wengi tulinung'unika. Hata hivyo, usiku ule tuliokesha tukitafuta shilingi arobaini zilizopotea kwenye leja ulinifundisha uhasibu kuliko kitabu chochote nilichosoma baadaye.

Ulipofika wakati wa kuchagua, meneja wangu alinishauri nichukue stashahada ya juu ya benki Shaaban Robert. Mzee wangu hakutaka kusikia. Alitaka shahada, joho na picha ya kutundika ukutani. Nikaenda Mlimani. Mwenzangu tuliyelala bweni moja hapa akafuata ushauri wa meneja.

Mlimani nilipata uchumi, takwimu, sheria ya biashara na uongozi. Nilijifunza kuuliza kwa nini shirika linapata hasara. Mwenzangu alijifunza kupima mkopo, kuandika dhamana na kusoma mizania ya mteja. Nakiri kwamba tulipokutana kazini yeye alikuwa na faida. Mimi nilidhani shahada imemaliza kila kitu. Kumbe kusaini hesabu kulihitaji mitihani ya Bodi. Nikaanguka karatasi ya uhasibu wa gharama, nikarudia huku nina watoto wawili.

Sheria ya 1991 iliporuhusu mabenki binafsi, na Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997, cheti kile cha Bodi ndicho kilichoniokoa.

Kwa hiyo, kijana, ukishika fomu za vyuo, ambavyo sasa ni vingi mno, usianze na jina la chuo. Uliza masomo yake yanakusamehe karatasi zipi za Bodi, na mafunzo ya kazini ni ya wiki ngapi. Mwenzangu naye ilimbidi aifanye mitihani ile. Tulikaa chumba kimoja, yeye dawati la mbele yangu, kama Kidato cha Tano.