Kariaria na Maziwa Yake

Mti tunaouita kariaria, mnyaa kwa Kiswahili, ulipandwa tangu zamani kuzungushia maboma mengi ya Kenya. Haukupendewa uzuri: kipande cha tawi huota, kiangazi hakiuui, na mifugo huyaogopa maziwa yake makali. Kwingine Afrika wavuvi waliyatumia kulewesha samaki. Ulijulikana hata India. Jina lake la kitaalamu, tirucalli, Carl Linnaeus alilitwaa kutoka huko mwaka 1753.

Leo umeingia sebuleni, ndani ya mkebe. Mbwa akiutafuna hutokwa mate na kutapika. Maziwa yakimrukia mtoto jichoni, huvimba na kuuma sana. Osha mara moja kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maziwa ya matiti usitie.