Sumukuvu: kwa nini fangasi hupenda mahindi na karanga zetu

Mama, ukikuta mahindi yameota kuvu la kijani au manjano, usiyakung'ute tu na kuyapeleka mashineni. Huenda ni fangasi aitwaye Aspergillus flavus, na sumu anayotoa, aflatoksini, ni miongoni mwa zile tunazoziita sumukuvu.

Mwaka 2016 sumu hii iliua watu kanda yetu ya kati. Katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika na macho kuwa ya manjano. Wagonjwa 68 waliripotiwa, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi waliyokuwa wakila nyumbani.

Sumu hiyo inatoka wapi? Inatokana na sukari. Fangasi hana kinywa. Humwaga vimeng'enya juu ya punje, vikavunja wanga kuwa sukari, kisha akaifyonza. Sukari hiyo humpa nguvu ya kuota, na humo humo hupata malighafi ya kutengenezea sumu. Maabara, akioteshwa kwenye protini tupu, huota vizuri lakini sumu haitoki, au hutoka kidogo sana. Akipewa glukosi au sukari ya miwa, huitoa kwa wingi. (Hatuzungumzii sukari ya kwenye chai. Kumnyima mtoto sukari kwenye uji hakumkingi na sumukuvu.)

Kwa hiyo angalia ganda la punje, maana ndilo linalomzuia fangasi kuufikia wanga. Likitobolewa na dumuzi au panya, au likipasuka wakati wa kupura kwa fimbo, njia imefunguka. Unyevu ukiwepo, kazi imeanza. Karanga nazo zina tatizo lake: wengi huzilowesha maji ili zibanguke kwa urahisi. Tafadhali acha. Ni kumwandalia fangasi mazingira.

Anika juu ya turubai, si ardhini. Kupima ukavu, chukua chupa safi iliyokauka, tia punje na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache. Chumvi iking'ang'ania kwenye chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani.

Kabla ya kusaga, chambua. Toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi. Kukoboa pia hupunguza sumu. Kupika hakuiondoi: ugali ukiiva, sumu ingali mle. Punje mbovu usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, wala usizitengenezee pombe; zifukie.

Hata kama unaishi Chimwaga na unga unanunua dukani, uangalie uji wa lishe. Mahindi na karanga kwenye kikombe kimoja, kila siku, kwa mtoto mdogo, ni vyakula viwili vinavyoshambuliwa zaidi. Nunua karanga nzima uzichambue mwenyewe kabla ya kusaga, na siku nyingine tumia uwele au mtama uliokauka vizuri. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, maziwa yako peke yake yanatosha.

Mtoto akiwa na macho ya manjano, akitapika au tumbo likivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Beba na unga kidogo wa nyumbani, umwoneshe mhudumu.