Tuzo za vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu (Afrika ya Mashariki)

Tuzo za vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu ni heshima inayotolewa kwa kikundi cha wanafunzi, si kwa mwanafunzi mmoja mmoja, kutokana na kazi waliyoifanya pamoja nje ya darasa. Heshima hiyo inaweza kuwa kombe, ngao, cheti, fedha au nafasi ya kwenda kushindana katika ngazi ya juu zaidi. Hutolewa na chuo chenyewe, na serikali ya wanafunzi, na wizara, au na shirika la kimataifa ambalo chama hicho ni tawi lake.

Katika Afrika ya Mashariki tuzo hizi zimetawanyika. Wanafunzi wa sheria wana zao, wa udaktari wana zao, wa biashara wana zao, na klabu za mazingira hupita njia nyingine kabisa. Kwa hiyo makala hii inaeleza kwanza historia yake, kisha aina zilizopo na namna waamuzi wanavyopima, na mwisho hali ilivyo mkoani Kigoma na kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mojawapo ya harakati kubwa za klabu za vijana duniani ina mizizi yake.

Chama, klabu na timu

Maneno haya huchanganywa, lakini kwenye tuzo tofauti zake ni muhimu. Chama kina katiba, viongozi wanaochaguliwa, mweka hazina na mlezi ambaye kwa kawaida ni mhadhiri. Klabu ni jina la kawaida la chama kidogo chenye shughuli moja, kama mdahalo, maigizo au upandaji miti. Timu huundwa kwa ajili ya shindano tu na huvunjika likiisha.

Mfano mzuri wa timu ni ile ya wanafunzi wanne wa Chuo cha Earlham, Marekani, iliyoshinda Hult Prize ya mwaka 2016 yenye thamani ya dola milioni 1. Mradi wao uliitwa Magic Bus, nao ulihusu abiria wa Nairobi kukata tiketi za basi kwa ujumbe mfupi wa simu. Ilikuwa tuzo ya wazo la biashara na ya watu wanne. Chama chenye wanachama 80 wanaokutana kila Jumatano kwa miaka kumi hakipimwi kwa namna hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inatambua jumuiya ya wanafunzi katika kila chuo. Klabu ndogo huandikishwa ndani ya chuo, mara nyingi kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hatua hii hudharauliwa na wengi, lakini waandaaji wa tuzo kwa kawaida hudai barua ya chuo inayoonyesha kwamba klabu inatambulika.

Historia

Mashindano ya vikundi vya wanafunzi yalikuwepo kabla ya uhuru. Katika Chuo cha Makerere, Uganda, mabweni yalishindana kila mwaka kwa maigizo na sanaa nyingine za Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, aliandika tamthilia fupi mbili kwa ajili ya mashindano hayo: The Rebels (1961) na The Wound in the Heart (1962). Hiyo ya pili ilizuiwa isionyeshwe katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho mjini Kampala, kwa kuwa ilimwonyesha ofisa wa Kiingereza akimbaka mke wa mpiganaji wa Mau Mau aliyekuwa kizuizini. Mwezi wa Novemba 1962 chama cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere kilipanda jukwaa hilo hilo na mchezo wake mrefu, The Black Hermit, kusherehekea uhuru wa Uganda.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo orodha za washindi hazilisemi. Anayetoa kombe ndiye pia anayeamua kipi kinastahili kuonekana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfano ulio mkali zaidi. Mwaka 1967 wanafunzi wa huko walianzisha chama kilichofahamika kwa kifupi kama USARF, yaani chama cha kimapinduzi cha Kiafrika cha wanafunzi wa chuo kikuu. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa rais wa Uganda. Mwaka 1969 chama hicho, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni, kilitoa gazeti la Cheche. Mmoja wa wahariri wake alikuwa Karim Hirji. Toleo maalumu la mwaka 1970 lilikuwa na andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, ambalo bado linasomwa vyuoni. Novemba 1970 chama na gazeti vyote vilipigwa marufuku. Havikupata kombe. Lakini ukiuliza ni chama gani cha wanafunzi wa Dar es Salaam kilichoandikiwa kitabu kizima na waliokuwemo, jibu ni hicho, maana mwaka 2011 Hirji alihariri kitabu cha kumbukumbu kuhusu gazeti hilo.

Nchini Kenya njia ilikuwa ya sherehe za kitaifa. Tamasha la maigizo la shule na vyuo lilianza mwaka 1959 na limeendelea hadi leo, likiwa na nafasi kwa vyuo vikuu pia. Hapo ushindi hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, na klabu ya maigizo yenye mlezi mzuri hujulikana nchi nzima.

Tuzo za sasa

Kwa wanafunzi wa sheria, shindano linaloheshimika sana ni lile la Afrika la mahakama ya mfano kuhusu haki za binadamu. Lilianza mwaka 1992 na huandaliwa na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Sasa lina jina la Christof Heyns, profesa aliyefariki mwaka 2021. Kila chuo hupeleka wanafunzi wawili, mwanamke na mwanamume, wanaotetea pande zote mbili za kesi ya kubuni. Wanaosimama mbele ya waamuzi ni wawili tu, lakini nyuma yao huwa kuna chama kizima cha wanafunzi wa sheria kilichowachuja na kuwafanyisha mazoezi.

Wanafunzi wa udaktari wana shirikisho lao la kimataifa, IFMSA, lililoanzishwa Copenhagen mwaka 1951. Shirikisho hilo hutoa Tuzo za Rex Crossley kwa miradi bora ya vyama wanachama. Chama cha Tanzania, TAMSA, ni miongoni mwao, na mkutano mkuu wa Agosti 2017 ulifanyika Arusha.

Enactus ilianza Marekani mwaka 1975 kwa jina la SIFE, ikabadili jina mwaka 2012. Klabu zake vyuoni hubuni miradi ya kuinua kipato cha watu, kisha huielezea mbele ya wafanyabiashara. Bingwa wa taifa huenda kwenye Kombe la Dunia la Enactus. Kenya imeshiriki kwa miaka mingi.

Rotaract ni ya vijana walio chini ya mwavuli wa Rotary. Klabu ya kwanza ilikuwa ya mji wa Charlotte, Marekani, mwaka 1968, na leo klabu zake zimo katika vyuo vingi vya Uganda, Kenya na Tanzania. Rotary hutoa tuzo ya mradi bora wa Rotaract kila mwaka.

Kwa upande wa serikali, Tanzania ina MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambayo yana kundi la vyuo vikuu. Hata hivyo mshindi wake kwa kawaida ni mbunifu, si klabu iliyomlea. TAKUKURU nayo hufanya kazi na klabu za wapinga rushwa shuleni na vyuoni, na hushindanisha wanachama wake.

Namna ya kupima

Vigezo hutofautiana, lakini maswali yanayorudiwa ni haya: klabu ilifanya nini, watu wangapi walinufaika, je, kazi itaendelea, na je, wanachama wenyewe ndio walioiongoza? Swali la pili ndilo rahisi kujibu, na kwa sababu hiyo ndilo linalotawala. Idadi ya miche iliyopandwa huhesabika siku ile ile. Idadi ya miti iliyosimama baada ya kiangazi cha tatu inahitaji mtu wa kurudi kuihesabu, na kufikia hapo aliyekuwa mwenyekiti amekwisha kuhitimu.

Hilo ndilo tatizo la msingi la tuzo hizi zote. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu, na viongozi wa klabu hukaa madarakani mwaka mmoja. Fomu za maombi nazo hudai picha, taarifa ya fedha na ushahidi wa miaka iliyopita, vitu ambavyo mara nyingi vimo kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuondoka chuoni. Klabu inayotunza daftari la mahudhurio, kumbukumbu za vikao na hesabu zake katika ofisi ya mlezi huwa na faida kubwa kuliko ile yenye wasemaji hodari.

Lugha nayo hupima. Sehemu kubwa ya mawasilisho hufanywa kwa Kiingereza, hata pale mradi ulipofanywa wote kwa Kiswahili na wavuvi au wakulima ambao maneno yao ndiyo yangekuwa ushahidi bora.

Kigoma na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kigoma iko mwisho wa Reli ya Kati, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Treni ilifika huko mwaka 1914. Elimu ya juu imefika polepole zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo cha mkoa, Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi, na Kibirizi kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Kasulu ina chuo cha ualimu cha siku nyingi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinaanzisha kampasi yake Kigoma chini ya mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu nchini.

Vingi vya vyuo hivi ni matawi. Makao makuu yako Dar es Salaam au Bagamoyo, na huko ndiko chama mama cha wanafunzi kilipo, ndiko fomu hupitia, na ndiko fainali hufanyika. Klabu ya Kigoma inayofika fainali inapaswa kwanza kutafuta nauli. Ni jambo dogo kulitaja, lakini huamua nani anaonekana kwenye picha ya washindi.

Hata hivyo, mkoa huu umechangia jambo kubwa katika klabu za vijana. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuchunguza sokwe. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vilivyoizunguka vilikuwa vimebaki vipara kwa ukataji wa miti, na Goodall alishawishika kwamba sokwe hawataokolewa bila watu wa vijijini kuishi vizuri. Mwaka 1991 alikutana na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari nyumbani kwake Dar es Salaam, na kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE mkoani Kigoma, wenye vitalu vya miti, mikopo midogo kwa wanawake na ufadhili wa masomo kwa wasichana.

Roots & Shoots huwapokea watoto wa chekechea hadi wanafunzi wa vyuo vikuu, na imeenea katika nchi zaidi ya 60. Kila kikundi huchagua wenyewe tatizo la mahali pao, na kazi yake hugusa mambo matatu: watu, wanyama na mazingira. Hakuna sharti la kushinda kikundi kingine ili kuwa kikundi kamili. Goodall mwenyewe alipewa tuzo nyingi, ikiwemo ya Kyoto mwaka 1990 na ya Templeton mwaka 2021, kabla ya kufariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Vijiji vilivyo karibu na Gombe vilitenga misitu yao ya hifadhi, na uoto uliorudi ulionekana katika picha za satelaiti baada ya miaka mingi. Shindano la mwaka mmoja lisingeweza kuipima kazi ya namna hiyo. Ndivyo ilivyo pia ziwani. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Klabu ya chuo ikitaka kuwasaidia akina mama wanaokausha dagaa mchangani, inaweza kutengeneza chanja kumi za kukaushia na kuzipiga picha wiki hiyo hiyo. Kwa mnunuzi wa dagaa na kwa mama mwenyewe, jambo linalohesabika ni kama chanja hizo zingali zinatumika msimu wa pili, na nani anazikarabati nyavu zikichanika.

Ng'ambo ya mpaka, mwambao huo huo una Chuo Kikuu cha Burundi mjini Bujumbura, kilichoanzishwa mwaka 1964, na upande wa Kongo kuna Chuo Kikuu cha Kalemie. Huko masomo hufundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mashindano mengi ya kanda yanayoendeshwa kwa Kiingereza huwaacha nje. Shindano la mahakama ya mfano limekuwa likipokea Kifaransa na Kireno. CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, huwakutanisha wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na makongamano yake huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi wa Bujumbura na mwenzake wa Ujiji huitumia sokoni kila siku.